Somo: Jiwe la mistari la Geita, na dhahabu iliyolikuta tayari limeshazeeka

Ndugu zangu, wengi wetu tukiona jiwe la mistari tunalipeleka moja kwa moja kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Naomba tulisome kwanza. Lina umri wa takriban miaka bilioni 2.7 na lilianza kama tope chini ya bahari. Enzi hizo hewa ilikuwa karibu haina oksijeni, hivyo chuma kiliyeyuka majini, kikatua tabaka kwa tabaka pamoja na silika, madini yanayounda mchanga mwingi. Mstari mweusi ni chuma. Ule mgumu kama gumegume ni silika. Dhahabu ya maana ilikuja baadaye.

Hatua ya 1. Pitisha sumaku. Mstari mweusi ulio mzima huinasa.

Hatua ya 2. Tafuta palipokunjwa na kupasuka. Hapa ndipo penye kazi. Maji ya moto yalipanda kwenye nyufa yakiwa na dhahabu iliyoshikamana na salfa. Yalipokutana na chuma, salfa ikaiacha dhahabu, ikaungana na chuma kuwa pairaiti. Dhahabu ikakosa wa kuibeba, ikabaki palepale. Basi sumaku inapolegea, na punje za rangi ya shaba zimekula mistari, weka alama.

Hatua ya 3. Karibu na uso wa ardhi pairaiti huoza, hubaki kutu yenye vitundu. Usiipite.

Hatua ya 4. Sampuli ya ndani ya ufa na ya pembeni, kila moja mfuko wake, zote maabara.

MASWALI

Mkuu, pairaiti na dhahabu nazitofautishaje?
– Sugua nyuma ya kigae, upande usiong'aa. Dhahabu huacha alama ya manjano, pairaiti nyeusi yenye ukijani. Ukiigonga, dhahabu hubonyea, pairaiti husagika.

Maabara wanasema ipo, kwenye karai siioni. Nichome mawe?
– Hapana kaka, tafadhali. Imejificha ndani ya pairaiti. Moshi wake una salfa, pengine na aseniki, nao unaua. Zebaki pia haitaifikia. Tunza marudio yako, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, uyapeleke kwenye mtambo wenye leseni.

Mbona dhahabu ya Witwatersrand, kule Afrika Kusini, iko kwenye kokoto?
– Kokoto zile ni za mito ya kale, na zina punje za pairaiti zilizoviringwa na maji. Leo zingeoza njiani, kwa hiyo ni ushahidi wa hewa isiyo na oksijeni. Kama dhahabu nayo iliviringika pamoja nazo au ililetwa baadaye na maji ya moto, wanajiolojia wamebishana kwa miaka mingi.