Orodha ya safari za ndoto: ninavyoiandika mimi, mkatisha tiketi wa Lindi

Nakatisha tiketi za basi hapa Lindi, mwaka wa kumi na nne sasa. Kutwa nawaandikia watu majina ya miji: Dar, Masasi, Songea, Dodoma. Mimi mwenyewe, kwa miaka mitano ya mwanzo, nililivuka Daraja la Mkapa, lile la mto Rufiji kwenye njia ya Dar, mara moja tu, tena kwenda msibani. Niliporudi ndipo nikaanza daftari. Leo lina maeneo 19 na nimeshafika saba. Abiria wakiliona pale dirishani huniuliza linafanyaje kazi. Haya, hivi.

Hatua ya 1: Nunua kaunta buku

Usiandike kwenye simu, simu inaibiwa. Usiandike kwenye karatasi moja, utakuja kuikuta imefungia vitumbua. Nunua kaunta buku, uandike wiki nzima kila jina linalokujia, bila kufikiria pesa. Mimi nilifika arobaini na kitu. Wifi yangu aliposoma alicheka mpaka akakaa chini: "Antaktika, wifi? Na kanga zako hizo?"

Hatua ya 2: Kata zile za kuazima

Mbele ya kila jina andika sentensi moja inayoanza na "Nataka kuona..." na uimalizie kwa kitu chenyewe, kinachoonekana kwa macho. Ukikwama, jina hilo si lako, uliliazima kwenye picha za watu. Dubai niliikata hapo hapo, maana nilichotaka kilikuwa kupigwa picha nikiwa Dubai. Arobaini zikabaki kumi na mbili, na nyingine zimeongezeka baadaye, moja moja.

Sentensi iliyonijia bila kufikiri ilikuwa ya Berlin: "Nataka kuona mjusi wa Tendaguru."

Hatua ya 3: Mtafutie kila wa mbali ndugu wa karibu

Hatua hii sijaiona kwa mtu mwingine, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Kila mahali pa mbali patafutie pa karibu panapohusiana napo, na uende huko kwanza.

Chukua huyo mjusi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dainosaria kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wetu. Nasema walichimbisha, kwa sababu wachimbaji walikuwa watu wa huku, na msimamizi wao, Boheti bin Amrani, ametunukiwa jina kwenye aina moja ya dainosaria wa pale. Mzigo wa zaidi ya tani 200 ulibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dainosaria hao, ndiye mjusi wangu, aliyeunganishwa mifupa akasimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, Museum für Naturkunde, ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Bibi yangu alikuwa akisimulia alivyosimuliwa na baba yake: wapagazi walipita wakiimba, na watoto walikatazwa kuhesabu mizigo.

Berlin sijafika. Tendaguru nimefika, kwa bodaboda, kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno. Usitegemee ghorofa wala kibao kikubwa. Ni kilima, nyasi, miti, na upepo. Nilikaa chini ya mti nikala embe, nikajaribu kupiga hesabu ya mtu mmoja, mfupa mmoja, jua la saa nane na njia ile hadi baharini. Siku nikisimama Berlin mbele ya yule mjusi nitakuwa najua kitu ambacho wenzangu wa kwenye foleni hawakijui.

Ndiyo kazi ya ndugu wa karibu. Kwa Lamu, ndugu niliyempata ni Mikindani: mji wa mawe, milango ya kuchonga, boma la Wajerumani la 1895, na ni hapo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kutoka Mtwara mjini ni daladala tu. Kilimanjaro nilimpa Shimo la Mungu kule Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, unapoona ardhi imekatika ghafla chini ya miguu yako. Kimo hakifanani hata kidogo, lakini nilijifunza kwamba mimi nina kizunguzungu, na bora nilijifunza Newala.

Hatua ya 4: Chora mistari miwili ya miezi

Kwenye kila ukurasa chora mistari miwili, uigawe miezi kumi na miwili. Wa juu ni wa mahali: lini panapendeza, lini hapapitiki. Wa chini ni wa mfuko wako. Huku kwetu mfuko una misimu kama mvua: ufuta unauzwa kuanzia mwezi wa sita hivi, korosho zinaingia mnadani kuanzia Oktoba, na baada ya Januari kila mtu anakuwa mpole.

Hatua hii nimeilipia. Mwaka 2019 ufuta wangu ulikwenda vizuri nikaamua kwenda Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya mto Zambezi yaitwayo pia Victoria, yenye upana wa kilomita 1.7 na kimo cha zaidi ya mita 100. Nikachelewa kupata wa kunishikia dirisha, nikaondoka Oktoba. Treni ya TAZARA kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 za reli. Kisha basi hadi Lusaka, basi tena hadi mji wa Livingstone. Nafika ukingoni upande wa Zambia, nakuta jiwe. Ukuta mweusi, mrefu, mkavu, na michirizi ya maji kule mbali kama mtu kasahau bomba. Jina lenyewe maana yake ni moshi unaonguruma. Moshi hakuna, ngurumo hakuna. Kijana mmoja muuza vinyago akanihurumia, akanieleza kwamba maji hujaa kuanzia Februari hadi Mei.

Ningekuwa na mistari yangu miwili ningeona mapema: maji yanajaa wakati mfuko wangu umekauka. Dawa yake ni kuandika pembeni, "Pesa ya korosho, ifichwe mpaka Aprili." Serengeti kwangu ni rahisi zaidi. Nyumbu wanavuka mto Mara kati ya Julai na Septemba, ufuta umeshauzwa. Anayetaka kuwaona wakizaa upande wa Ndutu, Januari na Februari, ajibane na korosho zake. Tena Mtanzania analipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Wengi wanadhani Serengeti ni ya wazungu kwa sababu hawajawahi kuuliza bei yao wenyewe.

Usihesabu pesa kabla haijaingia. Msimu mmoja malipo ya korosho yalikuja wiki nyingi baada ya mnada, nami nilikuwa nimeshaaga mtaa mzima.

Hatua ya 5: Andika njia kipande kwa kipande, nauli kwa penseli

Sababu ya kwenda iandike kwa kalamu, nauli kwa penseli. Na usiandike "Lindi hadi Kilwa Kisiwani" kwa mkupuo, maana anayeandika hivyo husahau vipande vya katikati, na humo ndimo pesa inamopotelea. Ukurasa wangu wa nne unasomeka hivi:

*Kilwa Kisiwani. Nataka kuona msikiti alioufikia Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, mwaka 1331. Miezi: Juni hadi Oktoba. Njia: basi la Dar, shuka Nangurukuru, gari dogo hadi Kilwa Masoko, boti au dau hadi kisiwani. Kibali: Masoko, KABLA ya kwenda majini. Maji ya kunywa: beba. Viatu: vya kuvua haraka.*

Hilo la viatu niliongeza baada ya kurudi, nimelowa mpaka magotini. Msikiti Mkuu wenyewe, na vikuba vyake, sitauelezea hapa, nenda.

Hatua ya 6: Karatasi na usalama

Pasipoti anza nayo mapema hata kama safari ni ya miaka mitatu ijayo. Mimi nililipa shilingi 150,000, lakini kilichonichelewesha ni cheti cha kuzaliwa, si pesa. Ulaya kuna viza ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti muda wote.

Na kuna kurasa za kusubiri. Kisiwa cha Msumbiji kimo kwenye orodha yangu, na Daraja la Umoja pale Mtambaswala limefunguliwa tangu 2010, lakini ng'ambo kuna Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji wenye mashambulizi ya wapiganaji, na hali ya huko tangu 2017 tunaijua sote tulio kusini. Nimeandika "subiri" na tarehe. Sikufuta.

Hatua ya 7: Kibubu kimoja, safari moja

Ukiweka pesa ya safari zote pamoja, ya karibu itailipia ada ya shule ya mtoto na ya mbali itanunua bati. Kibubu changu kina jina la mahali pamoja tu, limeandikwa kwa makapeni. Mume wangu analiheshimu jina kuliko kufuli.

Hatua ya 8: Ukirudi

Bandika tiketi kwenye ukurasa, weka tiki, na andika mstari mmoja wa kilichokuwa tofauti na ulivyodhani. Ukurasa wa Mosi-oa-Tunya hauna tiki. Una nusu tiki, na Aprili imezungushiwa duara mara mbili.

Ulio wazi sasa ni ukurasa wa 31: maporomoko ya Kalambo, Rukwa, mpakani na Zambia, zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Mistari yangu miwili inakutana Juni mwishoni, maji bado yapo na ufuta umeshapimwa. Lindi–Dar najua nauli, nakatisha mwenyewe. Dar–Sumbawanga nimeandika kwa penseli.