Jinsi ya kulipitisha jambo katika kasri la Elizabeth I

Anayetaka kujua Elizabeth I alivyotawala Uingereza kuanzia 1558 hadi 1603 asianzie bungeni. Katika miaka yote hiyo Bunge lilikuwa na vikao 13 tu. Achukue ombi moja, tuseme la kupewa ardhi ya kifalme, alisindikize mlango hadi mlango mpaka lipigwe mhuri.

Kwanza ujue malkia yuko wapi. Serikali ilikuwa pale alipo yeye: Whitehall, Greenwich, Richmond, na majira ya joto mara nyingi safarini, akilala katika majumba ya wakuu.

Kisha uijue milango. Chumba cha walinzi na ukumbi wa hadhara viliingiwa na wengi, lakini vyumba vya faragha viliingiwa na wachache mno. Hapo ndipo enzi yake ilipotofautiana na ya baba yake. Henry VIII alihudumiwa humo na wanaume, nao waliitumia nafasi hiyo kuombea watu wao na kumwekea karatasi za kutia saini. Kwa Elizabeth kazi hiyo ilishikwa zaidi na wanawake, kama Kat Ashley na Blanche Parry. Hawakuwa na kiti katika Baraza la Siri, yaani baraza la washauri wakuu wa malkia, lakini wao ndio waliojua malkia ameamkaje. Usiwapuuze. Robert Beale, karani wa Baraza, aliandika mwaka 1592 ushauri kwa anayetazamia kuwa katibu wa malkia: kabla hujaingia, pata habari za hali yake kwa mtu wa vyumba vya faragha, akiwa amekasirika, usimsumbue na jambo lako ila kwa dharura, na anapotia saini, mzungumzie kitu cha kumfurahisha.

Sasa tafuta wa kukusemea. William Cecil alikuwa katibu tangu 1558, akawa Mweka Hazina Mkuu mwaka 1572, na alibaki kazini hadi kifo chake mwaka 1598. Robert Dudley alikuwa na nguvu ya aina nyingine: ukaribu na malkia mwenyewe. Usitegemee mmoja tu, kwa maana Elizabeth alipenda kusikiliza pande zinazopingana, kisha akaamua au akaahirisha. Anayedai kila cheo kiende kwa watu wake huishia pabaya. Robert Devereux, bwana wa Essex na kipenzi cha malkia, alifanya hivyo. Mwaka 1600 malkia alikataa kumwongezea muda wa haki ya kukusanya ushuru wa mvinyo mtamu, tegemeo la mapato yake, na Februari 1601 aliasi, akakatwa kichwa mwezi huohuo.

Baraza lenyewe lilikuwa dogo. Mary I, dada yake aliyemtangulia, aliwahi kuwa na washauri zaidi ya 40. Elizabeth alianza na takriban 20, na idadi ikapungua baadaye. Kwa kawaida hakuketi nao. Walijadili, wakamletea shauri, naye hakulazimika kulikubali.

Akitia saini, bado safari haijaisha. Ombi kama hilo kwa kawaida lilipita mhuri mdogo uliokuwa chini ya katibu, kisha mhuri wa siri, kisha mhuri mkuu, na makarani walidai ada njiani.

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani saini ni ruhusa ya kutekeleza. Tarehe 1 Februari 1587 Elizabeth alitia saini hati ya kumkata kichwa Mary, malkia wa zamani wa Scotland. Katibu William Davison aliipeleka ikapigwa mhuri mkuu. Cecil na wenzake wakakutana, wakaituma bila kumwambia malkia, na aliyeibeba alikuwa Beale yuleyule. Mary aliuawa katika ngome ya Fotheringhay tarehe 8, kwa shoka. Elizabeth alishikilia kwamba hakuagiza hati itoke mikononi mwa katibu. Cecil alifungiwa mlango kwa muda, kisha akasamehewa. Davison, ambaye hakuwa na mizizi kama yake, alitupwa gerezani katika Mnara wa London, akatozwa faini ya maki 10,000 (maki ni kipimo cha fedha cha wakati huo), na hakurudishwa tena kazini.