Kipande cha wimbo kilicholala kwenye simu

Ukiwa na vipande vya nyimbo ulivyorekodi kwenye simu ukaviacha, na unataka kumalizia wimbo pamoja na wenzako, chagua kipande kimoja tu, kile unachojikuta ukikiimba kwenye feri ya Likoni bila kukusudia. Kirekodi upya kwa sauti na makofi, bila ala. Ala zikiingia mapema, mwenzako atapamba badala ya kujenga.

Kisha mpelekee mwenye kile usichonacho. Mimi napiga udi hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa hivyo humtafuta mtunzi wa maneno. Namwambia lahani, yaani tuni, inabeba mizani (silabi) 8 kila nusu ya mstari. Vina namwachia yeye. Tukikaa, tunahesabu kwa vidole: "na moyo wangu umechoka" ni mizani 9. Toa "na", unakaa sawa. Usimlazimishe mwimbaji ameze silabi, msikilizaji wa taarab atasikia tu.

Kibwagizo tungeni pamoja, tena kwanza, maana ndicho kinachoamua beti zielekee wapi. Mpiga ngoma aje baadaye. Mwambie ajaribu chakacha, mdundo wa ngoma ya Pwani, halafu mwendo wa polepole, nanyi msikilize mwimbaji anapumulia wapi.

Kabla ya studio, andikeni nani katunga nini na mgao wa kila mmoja, mtie sahihi. Fanyeni hivyo hata kama ni ndugu wa tumbo moja.