Somo: Kupima kazi ya misuli ya mgongo mtu anapogeuza kiwiliwili

Wanaoanza kazi hii hukimbilia mashine, ile inayosoma umeme wa misuli juu ya ngozi (EMG). Mimi naanza na magoti, maana huko ndiko vipimo vingi huharibikia.

Hatua ya 1. Mpimwa akae kwenye kiti kisicho na egemeo, nyayo sakafuni, mapaja yafungwe mkanda. Mwambie ageuke kulia, nawe tazama magoti. Goti la kushoto likisogea mbele, ujue nyonga imegeuka nayo. Pingili za kiunoni hugeuka kidogo mno, nyuzi (digrii) moja au mbili kila moja; mzunguko mwingi hutoka kifuani. Nyonga ikiiba nyuzi tano, imeiba nyingi. Kaza mkanda, rudia.

Hatua ya 2. Nyoa vinywele, sugua ngozi taratibu, futa kwa spiriti, iache ikauke.

Hatua ya 3. Weka viganja juu ya kingo za mifupa ya nyonga; vidole gumba vikikutana katikati ya mgongo, uko karibu na L4, pingili ya nne ya kiunoni (L1 ndiyo ya juu, L5 ya chini). Hesabu pingili kutoka hapo. Longisimasi, msuli mrefu wa kando ya uti wa mgongo: upana wa vidole viwili kando ya L1. Multifidasi, msuli wa ndani ulio karibu na pingili: usawa wa L5, sentimita 2 hadi 3 kutoka katikati. Elektrodi mbili, yaani vibandiko vinavyonasa umeme wa msuli, zitengane milimita 20, zifuate mwelekeo wa nyuzi za msuli, na pande zote mbili zipimwe. Elektrodi rejea, ambayo mashine hulinganisha nayo zile nyingine, ikae juu ya mfupa.

Waya uache ulegee kidogo, kisha ubandike plasta. Mtu akigeuka, ngozi ya ubavuni huvutika. Waya uliokazwa huchora wimbi kubwa la polepole ambalo mgeni hulidhania ni nguvu ya msuli. Nilishawahi kulifurahia wimbi kama hilo nusu siku nzima.

Hatua ya 4. Kipimo cha kulinganishia: alale kifudifudi, miguu ishikiliwe, ainue kifua dhidi ya mkono wako kwa nguvu zote sekunde 3 hadi 5. Mara tatu, akipumzika dakika 2 kila mara. Bila hiki, mikrovolti 40 za mtu mwembamba na 40 za mwenye mafuta mengi chini ya ngozi hazisemi jambo moja.

Hatua ya 5. Rekodi sampuli 1000 kwa sekunde au zaidi, chuja ubakize ishara za kati ya 20 na 450 Hz (mitetemo kwa sekunde). Mapumziko kwanza, kisha kulia, abaki sekunde 5, arudi, kushoto. Matokeo yaandike kwa asilimia ya hatua ya 4.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kwenye mapumziko naona vichomo vinavyojirudia sawasawa. Kifaa kibovu?
Huo ni moyo. Mshike mshipa wa mkononi uone vinavyokwenda pamoja. Anza kuchuja kwenye 30 Hz badala ya 20. Utapoteza ishara kidogo tu.

Mgonjwa wangu anaumwa mgongo, hawezi kuinua kifua.
Usimlazimishe. Asimame akiwa ameshika uzito mdogo mbele yake, uleule kila siku ya kipimo, ulinganishe na huo. Ila usiuite nguvu zote.

Akigeuka kulia, multifidasi za pande zote mbili zinakaza. Nimekosea kubandika?
Si lazima. Kinachogeuza hasa ni misuli ya mshazari ya tumbo, wa nje wa kushoto na wa ndani wa kulia. Hiyo humvuta mtu ainame, na mgongo hukaza pande zote kuzuia. Ukiwa na shaka, mwambie ainue mkono wa kulia mbele: kushoto kunapaswa kukaza zaidi. Pande zikibaki pacha, kagua waya.