SOMO: Kubadilisha historia rasmi ya Traveller bila kuwavunja wachezaji wako

Wiki hii watu wanne wameniuliza swali moja. Wawili inboksi, mmoja kwenye kundi, wa nne alinisimamisha stendi ya Nyegezi nikiwa na mizigo mikononi: "Dada refa, historia ya kwenye vitabu siipendi, naibadilishaje?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwa wageni: Traveller ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wanaosafiri angani. Ulitoka 1977, kazi ya Marc Miller na kampuni ya GDW ya Marekani. Mnakaa mezani, kila mtu na mhusika wake, mmoja wenu ni refa, anayeendesha hadithi na kusimamia sheria. Ulimwengu unaochezwa zaidi ni Dola ya Tatu, himaya ya sayari maelfu yenye historia iliyoandikwa mpaka siku. Kwenye historia hiyo, mwaka 1116 wa Dola, Kaizari Strephon anauawa na Dulinor, mtemi mkuu wa Ilelish, na himaya inapasuka vipande. (Mimi hawa wakubwa nawaita watemi. Huku kwetu neno hilo halihitaji maelezo.)

Na msione kubadilisha ni dhambi. Mwaka 1998 ilitoka GURPS Traveller, toleo jingine la mchezo huu, iliyoandikwa na Loren Wiseman, mmoja wa walioanzisha GDW yenyewe. Humo Dulinor anafia njiani kabla hajamfikia Kaizari. Basi. Mauaji hayakuwepo, vita ya kugombea kiti haikuwepo, Dola ikaendelea. Tukio moja tu liliguswa, na sayari zote zilibaki mahali pake.

HATUA YA 1. Chagua tukio MOJA.

HATUA YA 2. Liandikie tarehe kwa kalenda ya Dola, siku kwanza halafu mwaka. Mauaji ya Kaizari ni 132-1116, yaani siku ya 132 ya mwaka 1116.

HATUA YA 3. Ramani, majina ya sayari na tarakimu zinazoeleza kila sayari ikoje, usiguse.

HATUA YA 4. Kabla hujafuta chochote, kusanya karatasi za wahusika wote uzisome.

Hapa tulieni, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Kampeni yangu ya kwanza (yaani hadithi moja inayochezwa vikao vingi) ilianza mwaka 1112 wa Dola, Spinward Marches, eneo la mpakani mwa Dola. Mchezaji wangu mmoja, dada tuliyesoma naye, alitengeneza ofisa wa meli za kivita. Mnajua mhusika wa Traveller anavyopatikana: unaanza na miaka 18, kila kipindi cha kazi ni miaka minne, na kila kipindi unarusha dadu kuona kama umenusurika, umepanda cheo, umejifunza nini. Kwa sheria za 1977 mhusika anaweza kufa kabla mchezo haujaanza. Wa kwake alipita vipindi vinne, akatoka jeshini na miaka 34. Piga hesabu: aliingia 1096. Vita ya Tano ya Mpakani, dhidi ya Wazhodani, majirani wa Dola, ni ya 1107 hadi 1110. Ilimkuta melini. Yule dada aliandika kurasa sita za daftari kuhusu miaka hiyo: rafiki aliyemwacha kwenye chumba cha injini, mkono wa kushoto uliokatika, barua aliyoshindwa kuipeleka kwa mama wa marehemu.

Mimi vita ile ilikuwa inanibana. Nilitaka mpaka wenye amani na biashara. Nikaifuta, na Jumamosi nikatangaza mezani kwamba vita haikutokea. Akaniangalia, akauliza taratibu: "Sasa huu mkono niliukatia wapi?"

Sikuwa na jibu. Alifunga daftari, na ilipita miezi miwili ndipo akarudi.

Alirudi kwa sababu nilimwendea nyumbani nikamwambia nimeirudisha vita, na kwamba kilichobadilika ni mwisho wake. Katika historia rasmi Norris, mtemi wa Regina, anapata hati ya Kaizari inayompa mamlaka ya kumwondoa amiri Santanocheev na kuongoza vita mwenyewe. Mimi nikasema hati haikufika. Karatasi moja imepotea njiani. Santanocheev akabaki na amri, vita ikaisha vibaya, sayari kadhaa za mpakani zikabaki mikononi mwa Wazhodani. Mkono wake ulibaki umekatika palepale ulipokatika, rafiki alibaki amekufa, ila sasa yule mama wa marehemu anaishi upande wa pili wa mpaka. Ile barua ndiyo iliyotubebea kampeni nzima, mwaka na miezi minne.

Kwa hiyo, maonyo:

Kilichoandikwa kwenye karatasi ya mchezaji hakifutwi na refa. Hakuna sababu nzuri ya kutosha.

Kilichosemwa mezani na kukubaliwa na wote kina uzito uleule, hata kama hakiko kwenye kitabu chochote.

Angalia vinavyoning'inia: pensheni ya aliyetumikia vipindi vitano, cheo cha utemi, deni la meli. Ukiondoa taasisi, vyote hivyo vinaanguka, na mchezaji atajua kabla yako.

Ukiona tukio unalotaka kulifuta liko ndani ya maisha ya mhusika, badilisha MWISHO wake, liache litokee.

HATUA YA 5. Tembeza habari kwa mwendo wa meli.

Katika Traveller hakuna simu ya angani inayoipita meli. Meli huvuka kati ya nyota kwa miruko. Mruko mmoja huchukua kama wiki moja, uwe wa parseki 1 au 6 (parseki ni kipimo cha umbali kati ya nyota, chumba kimoja kwenye ramani). Boti za posta za Dola huruka parseki 4. Sasa tukio lako limetokea parseki 40 kutoka waliko wachezaji: ni miruko 10, yaani wiki 10, tena kama kila mkoba wa barua unapokewa na kupakiwa saa ileile. Meli ndogo ya biashara inaruka parseki 1, wiki moja njiani na wiki moja bandarini ikiuza na kununua. Habari hiyohiyo mdomoni mwa nahodha wake itachukua wiki 80. Mwaka na nusu!

Baba yangu mdogo alikuwa ananunua dagaa Ukara miaka ya kabla ya simu. Alikuwa anasema bei aliyoiacha mwalo wa Kirumba wakati anaondoka ndiyo aliyonunulia kule kisiwani, na akirudi anakuta bei nyingine. Mara kapata, mara kaumia. Hakuna aliyemdanganya. Habari ilikuwa inapanda mtumbwi kama yeye. Chora duara kwenye ramani kutoka mahali pa tukio, wiki kwa wiki, kama mawimbi ya jiwe. Ndani ya duara wanajua. Nje ya duara maisha ni ya jana: bei za jana, amri za jana, watu bado wanamsujudia aliyekwisha kufa. Vituko vizuri kuliko vyote vya kampeni yangu vimetoka ukingoni mwa hilo duara.

HATUA YA 6. Kwa kila sayari ambayo wachezaji watakanyaga, jibu maswali mawili: nani kapata, nani kakosa. Sentensi moja moja zinatosha. Sayari wasizokanyaga ziache.

HATUA YA 7. Usiwasomee historia mpya. Waipate bandarini kwa mabaharia, nusu ya kweli na nusu ya kuongeza.

MASWALI

Kijana wa Igoma: Somo zuri mkuu. Naomba unitumie vitabu vyote PDF.

Mwandishi: Sigawi vitabu vya watu. Na mimi ni dada.

Mchezaji Mpya: Je naweza kubadilisha mambo manne kwa mpigo? Nataka Kaizari asiuawe, Wazhodani wawe wema, kusiwe na pensheni, na miruko iwe ya siku moja.

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mchezaji Mpya: Nimeisoma, ila mimi nina mawazo mengi.

Mwandishi: Yaandike, yaweke. Anza na moja, cheza miezi mitatu. Hilo la mruko wa siku moja liondoe kabisa, maana linaua hatua ya 5 nzima. Mkoba wa wiki kumi utafika kwa siku kumi, na hutakuwa tena na ukingo wa duara.

Mtu wa Capri Point: Kwa nini ujisumbue? Tunga ulimwengu wako mwenyewe uwe huru.

Mwandishi: Nimewahi kutunga. Ni kazi nzuri na sijamkataza mtu. Lakini wachezaji wangu wanne wameishi kwenye Dola hii miaka sita, wana sayari wanazozipenda na bandari wanazozichukia. Siwezi kuwahamisha kwa sababu mimi nimechoka na sura moja ya historia. Na hujasoma somo, umesoma kichwa cha habari.

Binti wa Ukerewe: Shikamoo dada. Kuna mchezaji wetu amesoma historia rasmi yote, anajua mpaka siku. Kila refa akisema kitu, yeye anasema "hapana, kwenye kitabu…". Tunamfanyaje bila kumuudhi?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, hilo swali ndilo nililotaka liulizwe. Usimfiche. Kaeni naye pembeni kabla ya mchezo, mwambie: "Tarehe fulani kurudi nyuma, kitabu ni sahihi na wewe ndiye mtunza historia wetu. Kuanzia tarehe hiyo kwenda mbele, hata mimi sijui yote." Halafu mpe kazi hiyo kweli. Mezani mkikwama, muulizeni yeye mambo ya kale: Ukandamizaji wa wenye nguvu za akili ulikuwa lini (atakuambia 800 hadi 826), Dola ya Kwanza ilikuwa ya akina nani (Wavilani). Mtu anayejua anataka ujuzi wake uwe na kazi. Ukishampa, mwenyewe ataanza kukusaidia kuuliza: "Kama hati haikufika, basi fulani angefanya nini?" Wa kwangu aliniandikia karatasi tatu za maoni, na mbili nilizitumia.

Binti wa Ukerewe: Asante sana dada. Na akijua mhusika fulani ni msaliti kwa sababu amesoma?

Mwandishi: Basi huyo ndiye mtu mzuri wa kubadilisha. Habadiliki moyo, ila tukio lililomfanya asaliti halijatokea bado. Mchezaji wako atamwangalia kila kikao kwa wasiwasi, na wasiwasi huo ni halali, maana hata wewe refa hujui ataelekea wapi.

Fundi wa Kamanga: Meli yetu ni ya mkopo. Refa wetu kaivunja Dola. Je, bado tunadaiwa?

Mwandishi: Ha! Wewe umeelewa hatua ya 4 vizuri kuliko refa wako. Mkopo wa meli ni malipo ya kila mwezi kwa miezi 480, miaka 40, kila mwezi sehemu 1 ya 240 ya bei taslimu. Himaya ikivunjika deni halifi, linagombaniwa. Tawi la benki la upande huu litasema linalimiliki, la upande ule vilevile, na kila moja litatuma watu wake. Mkimlipa mmoja mmekuwa maadui wa mwingine. Mwonyeshe refa wako jibu hili.

Fundi wa Kamanga: Nimemwonyesha. Kanuna.

Mwandishi: Mpe siku mbili. Kuvunja Dola ni uamuzi mkubwa, na ameubeba peke yake.

Kijana wa Igoma: Samahani dada kwa jana. Naomba niulize vizuri: meli mbili zikifika na habari zinazopingana, refa aseme ipi ni ya kweli?

Mwandishi: Yameisha. Refa asiseme. Kila nahodha mwulize mambo matatu: ametoka bandari gani, ameondoka siku gani, na yeye mwenyewe aliambiwa na nani. Aliyefika leo anaweza kuwa na habari ya zamani kuliko aliyefika juzi, kwa sababu alipita njia ndefu. Wachezaji wakishagundua hilo, wataanza kuwauliza manahodha tarehe kabla ya salamu. Wangu waliamua kuuza shehena ya madini haraka kwa sababu walimwamini aliyefika wa pili. Walikuwa sahihi. Nilifurahi kuliko wao.

Mzee wa Buhongwa: Nje ya mada kidogo. Dadu mnapata wapi?

Mwandishi: Ndiyo raha ya Traveller, dadu mbili za pande sita na umemaliza. Nunua ludo, toa dadu, boksi wape watoto.

Fundi wa Kamanga: Za plastiki nyepesi zinaruka zinaingia chini ya kabati. Rushia kwenye mfuniko wa ndoo.

Binti wa Ukerewe: Na karatasi za ramani, zile zenye vyumba vya pembesita? Steshenari ya huku hawajui hata ni kitu gani.

Mwandishi: Chora ukurasa mmoja wa sekta ndogo (kipande kimoja cha ramani), vyumba 8 kwa 10, kwa kalamu nyeusi na rula. Peleka watoe kopi 16. Ukizipanga nne kwa nne unapata sekta nzima, 32 kwa 40. Ila maduara ya habari yachore kwa penseli, maana kila kikao yanapanuka.

Mzee wa Buhongwa: Umeme ukikatika katikati ya kikao?

Mwandishi: Taa ya sola, na iwekeni juu ya kabati. Ikiwa mezani, kivuli cha mkono kinafunika ramani.

Kijana wa Igoma: Dada swali la mwisho. 132-1116 ni tarehe ngapi kwa kalenda yetu? Nataka kikao cha mauaji kiangukie siku yenyewe.

Mwandishi: Siku ya 132 kwa mwaka wa siku 365 ni tarehe 12 Mei. Lakini nyinyi mko parseki ngapi kutoka kwa Kaizari? Hesabu kwanza, kikao chako kitaangukia baada ya hapo.

Kijana wa Igoma: Nahesabu.