Usimwage dawa kwenye samadi: mna nyigu wanaoua nzi

Mfugaji aliyechoshwa na nzi hukimbilia dawa, na mahali pa kwanza anapoinyunyiza ni kwenye samadi, maana ndiko anakoona funza wakitambaa. Hapo anajiumiza mwenyewe. Ndani ya samadi hiyo hiyo wamo nyigu weusi wadogo mno, urefu milimita 2 hadi 3, ambao huzaliana kwa kuua nzi kabla hawajaota mabawa. Hawaumi mtu wala mnyama, na wafugaji wengi wameishi nao miaka bila kuwatambua. Makundi yanayojulikana zaidi ni Spalangia na Muscidifurax, na aina kama Spalangia cameroni imeenea sehemu nyingi sana za dunia zenye mifugo.

Nzi jike hutaga mayai 75 hadi 150 kwa mkupuo kwenye kinyesi kibichi. Funza hutoka ndani ya siku moja hivi, hula siku kadhaa, kisha huhama kutafuta pakavu: pembezoni mwa lundo, chini ya hori, kwenye nyufa za sakafu. Huko hugeuka bundo, kifuko kigumu cha kahawia kinacholingana na punje ya mchele. Nyigu jike hukitafuta kifuko hicho, hukitoboa kwa mwiba wake wa kutagia na kuweka yai ndani. Mtoto wake humla nzi aliyemo, na baada ya wiki 2 hadi 4 hutoka nyigu mahali ambapo angetoka nzi. Muscidifurax huwinda juu juu, Spalangia huingia sentimita kadhaa chini, kwa hiyo wakiwepo wote wawili kazi inakuwa nzuri zaidi.

Nyigu hao humshambulia pia nzi wa mazizi, yule anayeng'ang'ania miguu ya ng'ombe na kufyonza damu. Ukiona ng'ombe anapigapiga miguu chini mchana kutwa na maziwa yanapungua, mshuku huyo. Yeye hupenda zaidi nyasi na maranda yaliyolowa mkojo, hasa kwenye banda la ndama.

Kujua kama unao nyigu ni rahisi. Chokoa ukingo mkavu wa samadi, okota mabundo mazima kiasi cha kiganja, yatie kwenye chupa ya kioo isiyo na maji, funika kwa kipande cha kitenge na uiweke kivulini. Nzi watatoka ndani ya wiki ya kwanza. Usitupe yaliyobaki, subiri hadi mwezi upite. Kisha tazama maganda kwa makini: nzi anapotoka hufyatua ncha nzima ya ganda kama kifuniko, bali nyigu huacha tundu moja dogo la mviringo. Maganda yenye matundu ndiyo yanayokuonyesha kazi wanayokufanyia.

Ukishawaona, walinde. Dawa ya nzi ipake kwenye kuta na nguzo wanapotua, au tumia chambo, lakini samadi usiiguse. Ng'ombe wa kupuliziwa dawa ya kupe apuliziwe mbali na lundo, na masalio ya bomba yasimwagwe humo. Nimeona mabanda mengi ambako hilo la mwisho hufanyika kila wiki.

Usafi nao ni lazima, kwa sababu nyigu peke yao hawatoshi. Kwenye joto nzi hukamilisha kizazi kwa siku 7 hadi 10, nyigu anahitaji wiki kadhaa; samadi ikiwa mbichi kila mahali, nzi watamwacha nyuma. Zoa banda la ng'ombe angalau mara moja kwa wiki, ziba mabomba yanayovuja, badilisha malalo ya ndama. Kwa kuku wa mayai wa vizimba, usikombe mbolea yote hadi sakafuni: acha chini tabaka kavu la zamani, au zoa nusu ya banda na nusu nyingine wiki chache baadaye. Humo hukaa nyigu, mbawakawa na utitiri wanaokula mayai na funza wa nzi.

Marekani na Denmark nyigu hawa hufugwa na kuachiwa mabandani mara kwa mara msimu wa nzi. Pasipo wa kununua, ongeza ulio nao. Mwezi mmoja hivi kabla ya mvua, kusanya mabundo, yaweke kwenye ndoo kavu na uifunge mdomo kwa wavu wa dirishani wa mbu. Nyigu watapenya kwenye matundu, nzi watabaki ndani wafe. Itundike karibu na samadi, isipigwe jua wala mvua, na kamba yake uipake grisi ili sisimizi wasiyafikie mabundo.