Kimbunga Kikishapita: Ya Kuandaa Kabla Hakijafika

Wengi wetu tukisikia kimbunga kinakuja hujiandaa kwa upepo. Tunapigilia mbao madirishani, tunakata matawi yaliyoinamia paa, tunaingiza ndani kila kinachoweza kuruka, kisha tunangoja. Lakini upepo ni wa saa chache, ukizidi sana ni siku moja au mbili. Kirefu ni kile kinachoufuata. Kimbunga Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico, huko Karibea, tarehe 20 Septemba 2017, na umeme haukurudi kwa wateja wote hadi Agosti ya mwaka uliofuata. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa vifo 64. Baada ya wataalamu kuchunguza vifo vya miezi iliyofuata, makadirio rasmi yakapanda hadi 2,975, na walioumia zaidi ni wazee na maskini. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yanahusu siku zile ambazo mbingu zimeshatulia na jua linawaka, ila hufanyika kabla tone la kwanza halijaanguka.

Maji kwanza. Mtu mmoja huhitaji lita 4 hivi kwa siku za kunywa, kupika na kunawa kidogo, na kwenye joto kali huhitaji zaidi. Zidisha kwa idadi ya watu nyumbani, kisha kwa siku 7 badala ya zile 3 zinazotajwa mara nyingi, maana barabara zikifungwa na miti hakuna anayekuletea maji siku ya nne. Haya ya kunywa yakae kwenye vyombo safi vyenye vifuniko. Kando yake, jaza kila ndoo, pipa na beseni uliyo nayo maji ya kumwagia chooni, kwani pampu isipopata umeme bomba hukauka, na choo kisicho na maji huifanya nyumba isikalike kwa siku moja tu. Nunua pia mapema dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ile isiyo na manukato wala sabuni. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5 hadi 6, matone 2 hutosha lita 1 ya maji maangavu. Koroga, ngoja dakika 30, ndipo unywe. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi na uongeze dawa mara mbili. Kuchemsha ni bora zaidi: yakishatokota sawasawa, dakika 1 inatosha, na kama unaishi juu sana milimani, zaidi ya mita 2,000, iwe dakika 3. Ila maji yaliyoingiwa na mafuta au dawa za mashambani hayaponi kwa moto wala kwa klorini. Hayo ni ya kumwaga. Na usidharau suala hili: Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, katikati ya Machi 2019, na kabla mwezi haujaisha kipindupindu kilikuwa kimeshathibitishwa.

Sasa jenereta, na hapa nitakaa kidogo. Kimbunga Laura kilipopita jimbo la Louisiana, Marekani, mwaka 2020, wapo watu walionusurika na upepo wote ule kisha wakafia ndani ya nyumba zao zikiwa zimesimama, kwa moshi wa jenereta. Kinachoua ndani ya moshi huo ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu huhisi kichwa kinamuuma, anasikia uchovu, anajilaza kidogo, na haamki. Kosa lenyewe hufanywa na watu wenye akili timamu: mvua bado inanyesha, wezi wanazunguka, basi jenereta inawekwa barazani au kwenye banda la gari na mlango unaachwa wazi nusu. Mlango ulio wazi hausaidii kitu. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha yako na ya jirani. Maana yake ni kwamba kabla ya kimbunga unapaswa kuwa na waya mrefu na mnene wa kufikia huko, kibanda kidogo cha kuizuia mvua kilicho wazi pande zote, mnyororo na kufuli, na kifaa cha betri cha kugundua gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala. Jiko la mkaa nalo halipikiwi ndani, hata kama ni chai ya mara moja.

Tena usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme hurudi nyuma kutoka nyumbani hadi kwenye nguzo, na fundi anayerekebisha waya akidhani umekufa anaweza kuuawa nao. Chomeka vyombo moja kwa moja kwenye jenereta, au mwite fundi umeme mapema akuwekee swichi maalumu ya kubadilishia.

Friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo kabla ya kimbunga jaza nafasi tupu za friza chupa za maji. Zikiganda zinashika baridi, zikiyeyuka zinanyweka. Kuna ujanja mdogo unaofaa ukilazimika kuhama: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe ndani. Ukirudi ukakuta sarafu imezama hadi chini, vitu viliyeyuka vyote kisha vikaganda tena umeme uliporudi. Vitupe. Usionje ili kujua kama nyama imeharibika, ulimi haujui.

Dawa za kila siku ziwe za wiki 2 au zaidi, pamoja na karatasi yenye majina yake na vipimo, kwa sababu daktari utakayempata huenda hakujui. Anayetumia insulini aulize mapema yake inakaa muda gani nje ya friji. Mwenye mashine ya oksijeni au ya kusaidia kupumua hapaswi kungoja kuona umeme utakatika au la. Huyo ahamishwe mapema kwenda penye umeme wa uhakika.

Upepo ukinyamaza ghafla, usitoke. Huenda ni jicho la kimbunga, sehemu tulivu ya katikati yake, linapita, na nusu ya pili inakuja na upepo wa kutoka upande mwingine. Sikiliza redio ya betri. Ukiambiwa kimepita kabisa, vaa viatu vigumu, glovu na suruali ndefu. Misumari ya mabati yaliyong'oka ndiyo hukupata kwanza, na chanjo ya pepopunda ni ya kuchomwa kabla. Waya wowote ulioanguka uhesabu kuwa una umeme, na ukae mita 10 mbali nao. Maji yaliyotuama usiyakanyage bila sababu: huficha waya, mashimo, nyoka, na mkojo wa panya unaoleta homa ya mgunda. Swichi kuu kama iko mahali ambapo lazima usimame majini kuifikia, iache. Ndiyo maana huzimwa kabla maji hayajaingia.

Kabla ya kusafisha chochote, piga picha. Ungekuwa na picha za kila chumba za wiki moja kabla, kazi ya kudai bima ingekuwa nusu, basi zipige leo na uzitume kwa ndugu aishiye mbali. Kisha fanya haraka, maana ukungu huanza kuota ukutani ndani ya saa 24 hadi 48. Fungua madirisha, toa magodoro na mazulia yaliyolowa maji ya mafuriko (usiyaonee huruma, hayaokoki), kausha. Ukisafisha kwa klorini usiichanganye na dawa nyingine ya usafi, hasa yenye amonia, kwani hutoa gesi ya sumu. Paa liachie mwenye ngazi imara na mtu wa kuishika. Turubai la kuziba paa linaweza kungoja hadi kesho. Mgongo uliovunjika haurudi.

Simu haitafanya kazi kama ulivyozoea. Ujumbe mfupi hupenya pale ambapo sauti haipiti, basi mkubaliane mapema na jamaa mmoja wa mji mwingine ambaye kila mtu atamtumia habari zake. Namba yake iandike kwenye karatasi, itie ndani ya mfuko wa plastiki, na kila mtu nyumbani awe nayo mfukoni, hata mtoto anayejua kusoma tarakimu tu.